Mjini hamna kitu, bibi: barua ya wazi kwa mliokabidhiwa mji wa Iringa

Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi, na nyote mnaokalia viti vya kuamua mambo ya mji huu,

Kamwene!

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Makorongoni. Nimefundisha Kiswahili na maarifa ya jamii hadi chaki ikanikausha vidole, na tangu nistaafu nimepata kazi isiyo na mshahara wala barua ya ajira: majirani wakipata wageni, mimi ndiye ninayeitwa niwatembeze. Tunakwenda kwa miguu. Tunaanzia Boma, tunamalizia Gangilonga jua likizama, na katikati tunapumzika popote panapokalika. Ni kwenye hilo neno "panapokalika" ndipo barua hii ilipoanzia.

Wiki chache zilizopita alikuja shemeji wa jirani yangu kutoka Mwanza, na mkewe, na watoto watatu, na mama yake mzazi ambaye magoti hayamruhusu tena kufukuzana na wajukuu. Walikuwa njiani kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Walifika saa sita mchana, gari la kuwapeleka hifadhini lingewachukua alfajiri ya kesho yake, kwa hiyo mchana wote hawakuwa na la kufanya. Yule bibi akamuuliza kijana wa mapokezi pale walipofikia: "Mwanangu, mjini kwenu kuna nini cha kuona?" Kijana akajibu kwa adabu zote: "Mjini hamna kitu, bibi. Pumzikeni tu, kesho mtaona simba."

Simlaumu. Huenda nilimfundisha mimi. Nilimkaririsha tarehe aliyojiua Mkwawa, 19 Julai 1898, akaiandika kwenye mtihani akapata vema, na jioni hiyo hiyo akapita mbele ya Boma akirudi kwao bila hata kugeuza shingo. Historia tuliifundisha kama kitu kilichotokea mkoa mwingine.

Basi niliwachukua wageni wale. Na kwa kuwa nataka kuwaomba jambo, naona ni haki kwanza niwapitishe njia ile ile niliyowapitisha wao.

Tulianza Boma. Iringa hii tunayoishi siyo ile ya Mkwawa. Jina limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kule chini kwenye Mto Ruaha Mdogo. Wajerumani hawakuwa wamesahau cha Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, siku kamanda wao Zelewski, yule ambaye watu walimbandika jina la Nyundo, alipouawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka, lakini Mkwawa hawakumpata, na akawasumbua porini miaka karibu minne zaidi. Mwaka 1896, wakati bado wanamsaka, wakajenga kambi huku juu ya mlima wakaiita Iringa Mpya, na Kalenga ikawa Iringa ya Zamani. Mji wetu, kwa maneno mengine, ulizaliwa kama kituo cha kumchungulia mtu. Nilipolisema hilo, mtoto wa katikati, wa darasa la tano, aliuliza kama walimwona. Nikamwambia hawakumwona hadi alipokuwa maiti.

Jengo la Boma lenyewe ni la Wajerumani, limepita mikononi mwa serikali mbili zilizofuata likiwa ofisi, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Kazi ile ilifanywa na Chuo Kikuu cha Iringa kupitia mradi wa Fahari Yetu, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na anayestahili pongezi apewe: kuta nene zimebaki, vyumba vimepata maelezo, vitu vya nyumbani mwa bibi zetu vimewekwa mahali pa heshima. Watoto waliingia wakidai simba, wakatoka wanabishana juu ya mikuki. Na bibi yao alipata kiti. Naomba mkiweke akilini kiti hicho, maana hakikupatikana kingine kwa muda mrefu.

Tukateremka mjini. Niliwaonyesha jamatkhana ya Waismailia kwa nje, maana ni nyumba ya ibada na si ya kuingia ovyo, lakini hata kwa nje inamfundisha mtu kwamba mji huu haukujengwa na kabila moja wala dini moja. Wahindi walifungua maduka, Wagiriki walilima tumbaku pembezoni, Wahehe, Wabena na Wakinga wakajaza mitaa. Mijakaranda ilikuwa imeanza kumwaga maua. Mama wa watoto alipiga picha nyingi za barabara yenye zambarau chini, akasema Mwanza hawana. Mimi nimeishi na miti ile umri wangu wote na sijawahi kufikiri kwamba ni kitu cha kumwonyesha mtu.

Hapo bibi akataka kukaa.

Nikawapeleka kwenye bustani moja ya wazi ninayoipenda. Sitaitaja, wala sitamtaja anayeisimamia, kwa sababu ninalosimulia linaweza kutokea bustani yoyote ya mji wowote. Geti lilikuwa na mnyororo. Ndani kulikuwa na mahema meupe na viti vilivyovishwa vitambaa. Jioni kuna harusi. Mlinzi, kijana mpole kabisa, akatuambia, "Shikamoo mwalimu. Leo imekodiwa." Nikamuuliza, "Hata lile benchi la pale mwisho, chini ya mti?" Akaangalia benchi, akaangalia mnyororo, akasema amepewa maagizo.

Bibi alikalia kreti ya soda aliyoazimwa na mama mmoja anayeuza karanga ng'ambo ya barabara. Yule mama alilifuta kwa kanga yake kwanza. Halafu likaja suala la choo, na hapo naomba nisieleze yote, ila niseme tu kwamba tulitembea hadi stendi ya zamani, na mwanamke mwenye miaka sabini na kitu aliuliza njiani mara mbili kama bado ni mbali.

Mimi si adui wa harusi. Naelewa halmashauri inahitaji mapato, na naelewa kwamba bustani inayokodiwa angalau hukatwa majani. Lakini bustani ya mji ina kazi moja ambayo ukumbi hauna: inamkaribisha mtu asiye na sababu. Mwanafunzi anayesubiri wenzake, kijana na binti wanaopeana macho, mzee aliyetoka kliniki, fundi anayekula muhogo wake saa saba mchana. Hao hawana kadi ya mwaliko. Ikodisheni sehemu, ombi langu ni hilo. Tengeni kona moja yenye kivuli, mabenchi na choo ambayo haifungwi hata rais akioza binti yake humo ndani.

Makanisa ndiyo yaliyotuokoa siku ile. Nasema hivi bila kuhubiri; shemeji yule na familia yake ni Waislamu. Lakini kanisa lina sifa mbili ambazo mji wetu umezisahau: mlango wake mara nyingi uko wazi, na ndani kuna benchi. Tulipanda daladala hadi Kihesa, kwenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, makao ya Jimbo Katoliki la Iringa. Tulifika muda ninaoupenda kuliko yote, saa kumi na nusu, kwaya ikifanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya alikuwa anawarudisha sauti ya tatu kwenye mstari mmoja, mara nne, mara tano, na kila wakirudia bibi akitikisa kichwa kidogo. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Mtu mmoja alisogea tukae.

Wakatoliki wa huku wana historia inayoonekana kwa macho. Wabenediktini Wajerumani walianza misheni Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19. Vita vya kwanza vya dunia vikawaondoa, na 1919 wakaingia Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Mwaka 1922 Iringa ikafanywa eneo la kanisa linalojitegemea, na 1953 ikawa jimbo kamili. Ukitaka kuyaona mabadiliko hayo bila kusoma kitabu, nenda Tosamaganga utazame kanisa na majengo yanayolizunguka. Utaona mkono wa Mtaliano ukifanya kazi kwa udongo wa Uhehe.

Tosamaganga hatukufika siku ile. Walipita wenyewe wakirudi kutoka Ruaha, baada ya Kalenga. Niliwapa kazi ya nyumbani: wamuulize mzee yeyote watakayemkuta maana ya jina. Waliambiwa tosa ni kutupa na maganga ni mawe. Mtoto wa darasa la tano akanipigia simu kwa simu ya baba yake: "Mwalimu, kumbe Gangilonga nayo ina jiwe ndani yake!" Naam, ganga na longa, jiwe linaloongea. Nilifundisha miaka yote ile sikupata mwanafunzi aliyenipigia simu kwa ajili ya mzizi wa neno.

Kalenga nayo waliiona, na fuvu la Mkwawa lililorejeshwa tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Twining, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuitaka Ujerumani ilitoe. Hilo lina wasemaji wake, kama Isimila na zana zake za mawe zilivyo na wasemaji wake. Mimi nimebaki mjini.

Kwa Walutheri nilitaka wakute matarumbeta, lakini siku haikuwa yao. Nitasema tu kwamba anayetaka kujua kwa nini Iringa mtu akifa watu wanaimba kwa sauti nne bila kuandaliwa, asikilize kwaya za KKKT na za Roma kwa wiki moja tu. Kwaya hizi ni mikusanyiko ya watu kabla hazijawa ibada. Msichana aliyetoka Kilolo kuja kupanga chumba Mtwivila hajui mtu. Akijiunga kwaya, ndani ya mwezi ana watu wa kumzika. Kama mnaandika mpango wa utalii na hamjaandika humo "jioni, mazoezi ya kwaya," mpango huo umeandikwa na mtu asiyekaa hapa. Zungumzeni na maparoko na wachungaji. Wakubaliane saa ambazo mgeni anaweza kuingia akatazama na kuketi, sharti lake ni nini, avae vipi, asipige picha wakati gani, sadaka anaweka wapi. Hayo yote sasa hivi yanategemea bahati ya kumkuta katekista mwenye roho nzuri.

Kuna mahali pengine nilipowapeleka ambapo watu wengi huruka: makaburi ya askari wa vita vya kwanza vya dunia. Waingereza waliingia Iringa Agosti 1916, na waliokufa katika vita ile ya huku wamelala hapa, jiwe kwa jiwe, jina kwa jina. Ukifika utakuta pamefagiliwa. Makaburi kama haya hutunzwa na Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo imekuwepo tangu 1917. Nimewahi kujiuliza siri yake ni fedha tu, na sidhani. Kila kaburi lina namba kwenye daftari la mtu fulani. Kipande hiki cha ardhi kimeandikwa, kwa hiyo kina mwenyewe, kwa hiyo majani yake yanakatwa.

Na hapo hapo kuna fundisho la upande wa pili. Vita ile haikubebwa na askari; ilibebwa na wapagazi, maelfu kwa maelfu, wa huku kwetu na wa Kenya na wa Nyasa, kwa vichwa na mabega, na walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Majina yao hayako kwenye mawe. Mwaka 2021 Kamisheni yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi wa Afrika Mashariki hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao. Baba wa watoto aliisikiliza habari hiyo kimya, kisha akasema babu yake mzaa baba aliondoka na vita na hakurudi, na kwao hakuna anayejua alielekea wapi. Tulisimama pale muda. Kama mnatafuta cha kuweka katikati ya bustani, badala ya sanamu nyingine ya mnyama, wekeni jiwe la mpagazi.

Mikusanyiko mingine sitaichambua sana. Mwembetogwa, ambako tumesikiliza wanasiasa na wahubiri wakiahidi vitu vinavyofanana, naomba pabaki uwanja. Jina lake tu linanipa hamu ya kuamini kwamba zamani kulikuwa na mwembe na chini yake mtu mwenye mtungi wa togwa. Sokoni pana vikapu vya milulu ambavyo wageni wanavitafuta wakishafika Dar es Salaam kwa bei mara kadhaa. Neema Crafts, iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, imewafundisha wageni na wenyeji kuagiza chai kwa ishara au kwa kuandika kwenye karatasi, maana wahudumu ni viziwi. Watoto wale walijifunza kusema "asante" kwa mikono na hawakuacha kuisema hadi Gangilonga. Vilabu vya ulanzi msimu wa mvua navyo ni mabaraza, mkubali msikubali, na habari nyingi za kata hupita pale kabla hazijafika kwa mtendaji.

Lakini kuna moja siwezi kuipita. Mei 1972, chama cha TANU kilikutana katika mji huu kikatoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Kila aliyesoma shule enzi zetu alilikariri, na nchi nzima ilipigiwa ngoma yake. Katika kutembea kwangu kote mjini sijawahi kukuta hata kibao cha mbao kinachomwambia kijana kwamba lilitoka hapa. Arusha wana Azimio lao na mnara wa kulisimulia. Mtu anaweza kulipenda au kulichukia Azimio la Iringa, wengine walikosana nalo vibaya sana mashambani, lakini halikuwa jambo dogo.

Sasa nifike kwenye ombi lenyewe, kwa sababu mwalimu akipewa nafasi hulonga hadi kengele.

Waheshimiwa, tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333. Wengi wetu tunadhani inalilinda kila jengo la Mjerumani lenye ukuta mnene. Hailindi. Jengo linalolindwa na sheria hiyo bila mtu kuliombea ni lile lililojengwa kabla ya 1863. Mwaka 1863 Iringa Mpya haikuwepo. Mkwawa mwenyewe alikuwa mtoto. Kwa hiyo hakuna nyumba hata moja katika mji huu, iwe boma, kanisa, duka la Mhindi, jengo la posta au bungalo la Wilolesi, ambayo inakingwa na umri wake. Jengo la huku linakingwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Na waziri hatatangaza kitu ambacho hakuna mtu wa Iringa aliyekiandika kwenye karatasi akampelekea.

Nimeona kwa macho yangu kinachotokea pasipo karatasi. Kuna nyumba moja ya zamani, sitaitaja mtaa, ilikuwa na baraza refu la mbao na vigae ambavyo havitengenezwi tena. Ijumaa ilikuwepo. Jumatatu nilipita nikakuta vijana wanapakia vigae kwenye Canter. Leo pana fremu sita za maduka, mbili hazijawahi kupata mpangaji. Aliyeibomoa hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo linaloniuma: ningemsema nini? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nyumba ile ilikuwa kitu.

Kwa hiyo naomba daftari. Siombi mradi, wala mfadhili, wala semina yenye posho. Halmashauri ina ofisa utamaduni, ina ofisa mipango miji, ina watendaji wa kata wanaojua kila kichochoro. Wapeni miezi michache wapite mtaa kwa mtaa waandike majengo ya zamani, makanisa na misikiti, viwanja vya wazi, bustani, makaburi na miti mikubwa iliyopandwa barabarani: kiko wapi, ni cha nani, kilijengwa lini kama inajulikana, kina hali gani. Picha moja kwa kila kimoja, simu zipo. Wazee waitwe, tena waitwe mapema, maana kila mwaka tunazika mmoja aliyekuwa anajua jengo fulani lilikuwa la nani. Kisha orodha hiyo ije kwenye Baraza la Madiwani ijadiliwe hadharani. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imewapa mamlaka ya kuupanga mji, na sheria ndogo mnazitunga wenyewe kila mara mnapotaka ushuru. Tungeni na moja inayosema kilichomo kwenye orodha hakibomolewi wala hakibadilishwi matumizi kabla ya baraza kusikia na wananchi kusema. Yale yanayostahili ya taifa, mpelekeeni waziri.

Najua swali litakalokuja, kwa sababu nimeshaulizwa na diwani mmoja tukiwa msibani. Mwenye nyumba je? Nyumba ni yake, kodi analipa, na nyinyi mnamwambia asijenge ghorofa? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba atakayeambiwa asibomoe apunguziwe kitu, kodi ya jengo au ada za kibali cha ukarabati, na asiachwe peke yake na paa linalovuja. Na majengo mengi ninayoyafikiria si ya watu binafsi hata hivyo. Ni ya umma, au ya taasisi za dini. Hayo hayana kisingizio hicho. Anzeni nayo.

Vibao vitakuja vyenyewe baada ya daftari, ila viandikwe Kiswahili kwanza, na jina la Kihehe chini yake palipo nalo, halafu lugha nyingine kwa anayezihitaji. Na vijana wa mapokezi, wa bajaji na wa bodaboda wapewe nakala ya orodha bure. Hapo mgeni akiuliza, kijana atakuwa na la kusema hata kama mwalimu wake alimwangusha.

Tulimaliza Gangilonga kama kawaida. Bibi hakupanda hadi juu. Alibaki chini kidogo kwenye jiwe pana, akasema hili linamtosha, halina mnyororo. Husimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akija pale kutafakari, na kwamba jiwe lilimwambia adui anakuja. Nilipowaeleza, mtoto mdogo kabisa aliweka sikio kwenye mwamba. Kaka zake wakamcheka, kisha nao wakaweka. Chini mji ulikuwa unawasha taa, adhana na kengele zikipokezana, moshi wa jikoni umelala juu ya Kitanzini. Walikuta pia chupa tupu na majina ya wapenzi yaliyopakwa rangi, lakini leo sitaki kugombana na wapenzi.

Kuna neno nililotaka kuwaambia kwa mdomo nikashindwa kupata nafasi kwenye vikao, kwa hiyo naliweka hapa. Njooni tutembee. Jumamosi yoyote mtakayoichagua, saa nane mchana, mlangoni pa Boma. Gari ziacheni nyumbani, na vaeni viatu vya kupandia mwamba. Anayetaka aje na mama yake mzazi, hasa kama magoti yake si mazuri, na njiani tumwache yeye aseme anataka kukaa lini. Kreti la soda nitaliazima mimi kwa yule mama wa karanga, nimeshamwambia.

Wenu katika kuujenga mji,

Mwalimu mstaafu,
Makorongoni, Iringa